Oakland hatukuisha watu: niliyoyasema kuhusu timu ya pili ya besiboli

Haya niliyasema Jumamosi kwenye kikao chetu cha Waswahili wa huku Bay, California, upande wa San Francisco na Oakland. Mwenyekiti alinipa dakika 20 nikatumia kama 40 hivi, samahani kwa waliokuwa wananusa pilau tu bila kuliona. Wengi mmeniomba niyaandike, basi nimeandika kama yalivyotoka mdomoni, sijanyoosha sana.

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu shikamooni. Vijana mambo vipi, na nyie watoto mliokaa nyuma na simu, naomba dakika chache tu.

Nimeambiwa niongee kuhusu besiboli na nimeona nyuso zilivyobadilika hapo mbele haha. Najua. Wengi wenu besiboli mnaiona ni watu wamesimama juani wanatafuna mbegu za alizeti wakingoja kitu kitokee. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimefika Oakland 2001, kazi yangu ya kwanza kusafisha maofisi usiku, na yule mzee wa Kimeksiko niliyekuwa nafanya naye alikuwa na redio ndogo, kila usiku A's, A's, A's, yaani Oakland Athletics, timu ya hapa, ukitaka usitake utajifunza tu. Sasa 2002 mwezi wa nane timu ikaanza kushinda, mechi moja, mbili, kumi, kumi na tano, na haijafungwa. Tarehe 4 Septemba 2002 wanatafuta ushindi wa 20 mfululizo, wanacheza na Kansas City Royals, wanaongoza 11 kwa 0, mzee akasema leo mapema tutamaliza kazi. Wapi! Royals wakarudisha moja moja mpaka ikawa 11 kwa 11. Mie ndoo iko mkononi na mopu imesimama. Akaingia jamaa anaitwa Scott Hatteberg akaupiga mpira ukavuka ukuta, 12 kwa 11, basi yule mzee akanikumbatia na glovu zake za sabuni. Uwanjani siku hiyo waliingia watu 55,528. Hiyo namba naomba muishike, nitairudia.

Sasa kwa nini naongea haya leo. Mwanangu wa mwisho, huyo amekaa pale, aliniuliza siku timu imeondoka, "Baba, ina maana sisi hatukutosha?" Yaani aliposoma kwamba ligi imekubali A's wahamie Las Vegas alielewa hivyo, kwamba watu wa hapa tulihesabiwa tukaonekana tumepungua. Na siyo yeye tu, watu wazima kabisa wanasema Bay ni ndogo kwa timu mbili, moja inatosha. Nimekuja kujibu hilo tu.

Kwa ambao wamefika juzi juzi niwape ramani kidogo. San Francisco iko upande ule wa maji, sisi Oakland upande huu, katikati daraja na treni ya BART inayopita chini ya bahari. Kaunti 9 zinazozunguka hii bay zina watu zaidi ya milioni 7. Giants, timu ya ng'ambo, walikuja San Francisco 1958 wakitokea New York. A's walikuja Oakland 1968 wakitokea Kansas City, na Kansas City nako walitokea Philadelphia. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyezaliwa hapa, wote wahamiaji kama sisi, tofauti wao walikuja na mikataba.

Sasa niwe mkweli, wanaosema timu moja inatosha hawajaota usingizini. Wana ushahidi wao na ni mzito. A's walichukua ubingwa wa World Series 1972, 1973 na 1974, mitatu mfululizo, halafu huo msimu wa 1974 watu waliokuja uwanjani mwaka mzima hawakufika hata laki 9. Bingwa wa dunia huyo! Na ng'ambo Giants mwaka huo huo walipata kama laki 5 na kidogo, mpaka 1976 nusura wauzwe wapelekwe Toronto. Kuna siku Aprili 1979 mechi ya A's ilitangazwa ina watazamaji 653. Mia sita hamsini na tatu, kwenye uwanja wa watu kama elfu 50. Harusi ya juzi hapa Hayward ilikuwa na watu wengi kuliko hao.

Na ukirudi nyuma zaidi, miji ilishajaribu hii kitu. Boston ilikuwa na timu mbili, St. Louis mbili, Philadelphia mbili. Ndani ya miaka mitatu tu, 1953, 1954, 1955, zile timu za pili zote zikafungasha, Braves wakaenda Milwaukee, Browns wakaenda Baltimore, na Athletics, hawa hawa A's wetu, wakaenda Kansas City. Hao Browns msimu wa 1935 waliuza tiketi 80,922 mwaka mzima, yaani mechi zote ukizijumlisha ni kama mechi moja na nusu ya Simba na Yanga kwa Mkapa. Kwa hiyo mtu akisema mji unaweza kushindwa kulisha timu mbili, simbishii, imeshatokea.

Ila Boston wale Braves msimu wao wa mwisho pale, 1952, walipata watu laki 2 na elfu 81. Mwaka uliofuata Milwaukee, wachezaji karibu wale wale, wakapata zaidi ya milioni 1.8. Na Milwaukee ni mji mdogo kuliko Boston! Nikisoma hivyo ndo nikaanza kujiuliza kama hii hesabu ni ya watu kweli.

Haya turudi kwetu. 1989 A's walipata zaidi ya milioni 2.6, Giants zaidi ya milioni 2, mwaka mmoja, timu zote mbili, na zote mbili zikafika fainali zikakutana zenyewe kwa zenyewe. Mnaokumbuka mnakumbuka. Tarehe 17 Oktoba, saa 11 na dakika 4 jioni, kabla ya mechi ya tatu kuanza kule Candlestick, uwanja wa Giants, ardhi ikatikisika. Kipande cha Bay Bridge kikaanguka, na ile barabara ya ghorofa ya Cypress hapa West Oakland ikalaliana, watu 42 wakafa pale pale. Wengi wanaamini wangekufa wengi zaidi, saa 11 jioni ni saa ya foleni, lakini watu wa pande zote mbili za maji walishawahi nyumbani kuangalia mechi. Fainali ikasimama siku 10 ikaendelea, A's wakashinda 4 kwa 0. Mwaka uliofuata, 1990, A's wakafika milioni 2.9, wakawapita Giants kwa karibu milioni nzima. Oakland hiyo mnayoambiwa haiendi uwanjani.

Mtaniambia hiyo ni zamani. Sawa, njoo 2003. Giants zaidi ya milioni 3.2, A's zaidi ya milioni 2.2, jumla unapata kama milioni 5.4 na ushee, na watu wa Bay wakati ule walikuwa wachache kuliko leo. Kwa hiyo kama ni suala la kutosha, tulitosha, tena na chenji ikabaki.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Kitu cha kwanza ni uwanja, na hapa mfano wangu mzuri ni Giants wenyewe. Candlestick ulikuwa pembeni ya maji, upepo na baridi mpaka Julai unavaa koti la manyoya. 1992 mwenye Giants alikuwa ameshakubali kuwauza kwa watu wa Tampa Bay, Florida, wenye timu wenzao ndio wakapiga kura kukataa, akapatikana mnunuzi wa hapa hapa. Mwaka 2000 wakafungua uwanja mpya katikati ya mji, ukingoni mwa maji, hela nyingi za binafsi, na ghafla miaka ya mwanzo wakawa wanapata zaidi ya milioni 3 kila mwaka. Watu ni wale wale, jua lile lile, daraja lile lile. Timu iliyokuwa inasemekana imekosa watu ikawa ndio timu kubwa ya Bay, ikaja kuchukua ubingwa 2010, 2012 na 2014. Sisi huku tukabaki na uwanja wetu wa Coliseum wa 1966, ambayo katikati ya miaka ya 90 walijenga ukuta mrefu wa viti kwa ajili ya mpira wa Kimarekani ukafunika vilima vilivyokuwa vinaonekana kwa nyuma, na miaka ya baadaye maji machafu yakawa yanapanda kwenye vyumba vya wachezaji.

Kitu cha pili ndo kikubwa zaidi na watu hawakijui, nacho ni mipaka. Nielezee kwa daladala. Dar gari lina ruti, si ndiyo, umeandikiwa Mbagala Kariakoo huwezi kwenda kubeba abiria wa Mwenge hata kama wamejaa kituoni wanakupungia mkono. Besiboli ya Marekani ni hivyo hivyo, kila timu imepewa kaunti zake. Tofauti ni kwamba kule kwetu ruti inapangwa na LATRA, huku ruti wanapanga wenye magari wenyewe, wamekaa 30 mezani, na kila mmoja anajua kesho yake na yeye anaweza kuingiliwa. Nani atapiga kura kumfungulia mwenzake ruti?

New York timu mbili zinagawana mji wote, hakuna mstari. Chicago hivyo hivyo, Los Angeles hivyo hivyo. Bay peke yake ndio ilikatwa vipande. A's walipewa Alameda na Contra Costa, kaunti mbili basi. Giants wakapewa San Francisco, San Mateo, Marin, na kusini kote mpaka Santa Clara, ambako ndiko kuna San Jose na makampuni yote ya kompyuta mnayoyajua, yaani ndiko kwenye hela. Na hiyo Santa Clara wameipataje? Miaka ya 90 mwanzoni Giants walitaka kujenga kule, mwenye A's wa wakati huo, Walter Haas, mtu muungwana, akawaambia chukueni tu, hakudai hata senti. Wapiga kura wa kule wakakataa kulipia uwanja, Giants hawakwenda, lakini ile kaunti haikurudi. Ndugu zangu, ukimwazima jirani kiwanja na hakujenga, andikishaneni.

Baadaye A's wakataka wao kuhamia San Jose, ligi ikaunda kamati 2009, kamati ikakaa, ikakaa, ikakaa. 2013 San Jose wenyewe wakaenda mahakamani kwamba huku ni kuhodhi biashara. Wakashindwa mpaka rufaa, maana kuna uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa 1922 unaosema sheria za kuzuia kuhodhi soko haziigusi besiboli. Uamuzi una miaka mia moja na bado unapanga nani aangalie mpira wapi.

Hapo mzee wangu mmoja alininyooshea mkono, nadhani mlimsikia, akasema "Mwanangu, unatetea sana, mbona 2023 uwanja ulikuwa mtupu?" Kweli ulikuwa mtupu mzee wangu. Laki 8 na elfu 32 msimu mzima, timu ikafungwa mechi 112. Lakini tuangalie kabla ya hapo kulitokea nini. Kila mchezaji mzuri aliyeanza kujulikana jina akapelekwa timu nyingine, Matt Olson, Matt Chapman, Sean Murphy, wote ndani ya mwaka mmoja. Aprili 2023 tukaambiwa timu imekubaliana kununua ardhi Las Vegas. Duka limetoa bidhaa rafuni na kuandika mlangoni tunahama, halafu mnashangaa wateja hawaji?

Na Juni 13, 2023, Jumanne usiku, siku ambayo hakuna mtu anaendaga mpirani, mashabiki wakafanya mgomo wa aina yake, badala ya kugoma kwenda wakagoma kutokwenda. Waliingia 27,759, fulana za kijani zimeandikwa SELL, yaani tajiri mwenye timu, uza. Nilikuwepo, huyu mtoto nilimbeba mabegani. Timu ya mwisho kwenye ligi ikacheza na Tampa Bay Rays waliokuwa wanaongoza, ikashinda 2 kwa 1. Siku hiyo hiyo kule Nevada seneti ya jimbo ikapitisha hela ya umma mpaka dola milioni 380 za kujenga uwanja. Sisi tunapiga kelele huku, wao wanasaini kule.

Hapo ndo jibu la mwanangu lilipo. Las Vegas na vitongoji vyake ina watu milioni 2 na laki kadhaa. Tajiri ametoka kwenye zaidi ya milioni 7 ameenda kwenye milioni 2, sasa huyo alikuwa anatafuta watu? Alikuwa anatafuta ruti isiyo na mwingine na hela ya serikali. Novemba 2023 wenye timu wote 30 wakapiga kura ya ndiyo, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Na uwanja wenyewe hauko tayari mpaka 2028, kwa hiyo tangu 2025 wanacheza West Sacramento kwenye kauwanja ka watu kama elfu 14. Walikataa kutungoja sisi, sasa wanangoja wao kwenye banda la jirani.

Sitaki niseme kila mtu wa Oakland hana kosa. Serikali yetu ya mji ilizungushana nao miaka na miaka, mara uwanja huku, mara kule, mwisho Howard Terminal pale bandarini, mradi wa mabilioni ya dola wenye maghorofa na mahoteli, uwanja wenyewe ukawa kama kachumbari pembeni ya sahani. Baraza la mji likapiga kura 2021, tajiri akasema masharti siyo aliyoyataka. Na mechi za nyumbani ni 81 kwa msimu, siyo 8 au 9 kama mpira wa Kimarekani, timu mbili ni mechi 162 ndani ya miezi sita, ukiwa timu ya pili lazima watu wafike kirahisi na bei iwe ya Jumanne, siyo ya Pasaka. Hiyo kazi ni ngumu. Ila ngumu na haiwezekani ni vitu viwili.

Kuna dada akauliza, mbona Dallas ina watu kama milioni 8 na timu moja tu? Swali zuri sana. Kwa sababu hakuna aliyefunguliwa mlango dada yangu, siyo kwamba ilijaribiwa ikashindikana. Angalieni New York. 1957 Dodgers na Giants wote wawili waliondoka, wakabaki Yankees peke yao. Wakili mmoja, William Shea, akaomba timu wakamzungusha, akasema basi nitaanzisha ligi nyingine kabisa ya tatu, akaitangaza 1959 na miji yake. Hiyo ligi haikucheza hata mechi moja! Lakini wenye timu waliogopa, wakafungua milango, 1962 Mets wakaingia. Chicago nako 1988 White Sox walikuwa mguu ndani mguu nje wanaenda Florida, wabunge wa Illinois usiku wa mwisho wakasimamisha saa ya ukutani isifike saa 6 mpaka wapitishe hela ya uwanja. Na hao White Sox msimu wa 2024 wamefungwa mechi 121, aibu tupu, na bado wapo Chicago. Timu ya pili huwa inabaki pale ambapo mtu mwenye nguvu ameamua ibaki.

Sisi watu wa Dar hii inatusumbua kuelewa, maana huwezi kununua Yanga ukaihamishia Mwanza na jina lake na makombe yake, watu watakutoa Jangwani mbio. Huku timu ni mali ya mtu, anabeba kama friji.

Namalizia mwenyekiti, naona kengele. Tarehe 26 Septemba 2024 A's walicheza mechi ya mwisho Coliseum, wakawafunga Texas Rangers 3 kwa 2, waliingia 46,889. Ile namba ya 2002 niliwaambia muishike, 55,528, timu iko kileleni. Hii ya 2024 ni timu mbovu, inayoondoka, na tajiri hajakanyaga mtaani kwetu, na bado watu wamejaa. Kumbe wapo.

Na Oakland timu ya besiboli ya kulipwa bado ipo, wengi hamjui. Inaitwa Oakland Ballers, iko Pioneer League, ligi ndogo isiyo chini ya wale wakubwa 30, imeanza 2024 pale Raimondi Park, West Oakland, jirani kabisa na ilipoanguka Cypress. Mashabiki wa kawaida wameruhusiwa kununua hisa. 2025 wakachukua ubingwa wa ligi yao. Wenzangu wa mpira wa miguu nanyi mna timu ya Oakland Roots, 2025 wamehamia Coliseum, mechi ya kwanza walijaza zaidi ya elfu 26. Siyo ligi kubwa, sawa, lakini mchezaji analipwa, tiketi haikuumizi, na mtoto anaweza kuokota mpira ukivuka uzio.

Kwa hiyo ninachoomba ni kimoja. Msimu ukianza tunataka kwenda Raimondi kama kikundi, tukifika 20 tunaomba bei ya pamoja. Majina mpeni mama mweka hazina, na mtu asiandike jina halafu siku yenyewe anasema gari limeharibika, treni ya BART inashuka West Oakland, kutoka hapo ni mwendo wa miguu. Mwanangu ameshajiandikisha wa kwanza, ameweka na jina langu.